Picha ya Kitu Porini Haikai Sawa? Anzia Pale Kinapogusa Ardhi

Umeegemeza baiskeli kwenye shina la mti, jua limeteremka, majani yanawaka, na jicho lako linakwambia picha ipo. Baadaye unaifungua kwenye kioo kikubwa, picha ile huioni. Baiskeli iko, mti uko, lakini kila kimoja kinaishi kivyake, kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Nimehangaika na picha za namna hiyo kwa miaka: viti kwenye nyasi, mashua ufukweni, birika juu ya mawe, mageti yaliyosahaulika msituni. Mara nyingi kosa nimelikuta mahali pamoja, pale kitu kinapokutana na ardhi.

Ndiyo maana naanzia hapo. Kabla hujagusa mpangilio wowote wa kamera, kuza picha mpaka uone vizuri miguu ya kiti, tairi, kitako cha chupa, au tumbo la mashua lilipolalia mchanga. Je, chini yake kuna kivuli? Kinaelekea upande mmoja na vivuli vya mawe na nyasi za jirani? Ukali wa picha umekaa kwenye kitu chenyewe, au umeangukia majani ya mbele? Ukishajibu, tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako.

Kitu kinaonekana kimebandikwa

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na vyanzo vyake hupenda kuja kwa pamoja.

Cha kwanza ni kukosekana kwa kivuli cha mguso, ule ukanda mwembamba mweusi ulio chini kabisa ya kitu, mahali ambapo mwanga haufiki. Jicho huutumia kujua kwamba kitu kina uzito. Flashi iliyo juu ya kamera huufuta, kwa sababu inamulika kutoka karibu na lenzi na kivuli kinaenda kujificha nyuma. Izime. Kama giza halikuruhusu, itoe kwenye kamera, iweke upande uleule lilipo jua, kisha punguza nguvu yake mpaka usiweze kujua kwa kutazama kama ilitumika. Kuna na suala la rangi. Flashi nyingi hutoa mwanga wa karibu Kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga unaelekea chungwa), mweupe kama wa mchana, ilhali jua linalokaribia kuzama huwa la rangi ya chungwa, chini sana ya hapo. Kiti kinabaki na ubaridi wa saa sita katikati ya nyasi za dhahabu, na mtazamaji anahisi kuna uongo hata kama hawezi kuutaja. Karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya flashi huondoa tofauti hiyo.

Chanzo cha pili: kitu kimewekwa juujuu. Ukiweka kiti kwenye nyasi na kupiga papo hapo, nyasi ndizo zinazokibeba, miguu haijashuka bado. Kikalie kwanza. Baiskeli isukume hadi mahali pake badala ya kuibeba, ili tairi ziache njia. Halafu shuka na kamera mpaka mabua machache yapite mbele ya kitu. Mabua matatu yanayokatiza mguu wa kiti yanatosha kumwambia mtazamaji kwamba kiti kiko ndani ya nyasi. Wengi hufanya kinyume, wanang'oa nyasi za mbele ili kitu kionekane. Tafadhali usizing'oe. Mimea ile ina maisha yake, na isitoshe ndiyo uliyoihitaji.

Chanzo cha tatu kiko kwenye simu, katika ile hali inayotia ukungu nyuma ya mtu. Simu inakisia mpaka wa kitu na kukosea palipo na matundu. Tazama kati ya waya za gurudumu au ndani ya mkono wa birika: mandhari ya humo yamebaki makali, huku ya nje yamefifishwa. Chini nako nyasi zimekatwa kama kwa mkasi. Zima hali hiyo. Ukungu wa kweli utaupata kwa kusogea karibu na kitu na kuhakikisha kilicho nyuma yake kiko mbali.

Cheupe kimeungua, cheusi kimekuwa shimo

Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kwamba unapiga mashua. Kinajaribu kuileta picha nzima kwenye kijivu cha wastani, kile ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa kinaakisi asilimia 18 ya mwanga. Mashua nyeupe ikiwa mbele ya msitu, msitu ndio unaojaza fremu. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na ubavu wa mashua unakuwa karatasi tupu isiyo na mshono wala msumari. Tumia kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: anza na −1, nenda hadi −1.7 ikibidi, na uwashe lile onyo linalofanya sehemu zilizoungua zimwekemweke kwenye kioo. Kitu cheusi juu ya mchanga mweupe au theluji kinadai kinyume chake, +1 au zaidi. Kwenye simu nyingi unagusa kitu, kisha unatelezesha kidole juu au chini.

Tofauti ikiwa kubwa mno, hakuna kitufe cha kuiokoa. Linda cheupe, piga kwa faili ghafi (RAW), linalohifadhi yote ambayo kamera iliyaona, na uinue vivuli wakati wa kuhariri. Kilichoungua kabisa hakirudi, ila kilichozama gizani mara nyingi kinarudi.

Au subiri wingu. Bernd na Hilla Becher, wapiga picha wa Ujerumani walioanza mwaka 1959 kupiga pamoja minara ya maji, tanuri za chuma na majengo mengine ya viwanda, walipendelea siku za mawingu, kwa kuwa mwanga wake hauachi vivuli vikali na umbo lote la mnara linasomeka. Lakini angalia walichokuwa wakikitafuta. Walitaka kila mnara usimame peke yake ili ulinganishwe na wenzake. Wewe unayetaka kitu kiungane na mahali pake, mawingu mazito yatakunyima kivuli cha mguso. Mimi huwa nangoja wingu jepesi, lile linaloacha kivuli kionekane lakini kingo zake zikiwa laini.

Kitu kinang'aa mahali pasipotakiwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanaponunua vifaa vingi bila faida.

Mwanga ukigonga uso laini, huondoka kwa pembe ileile uliyoingilia. Maana yake doa jeupe lililo kwenye birika ni picha ya kitu fulani: anga, jua, shati lako. Swali la kujiuliza ni, birika hili linaona nini? Kulijibu ni rahisi. Acha kamera kwenye stendi, weka jicho sawa na lenzi, na umwombe mwenzako apitishe mkono hewani taratibu, juu, kushoto, kulia. Pale mkono wake utakapotokea ndani ya doa, umekipata chanzo, na unajua ni wapi pa kuzibia.

Niliwahi kupiga birika la chuma cha pua juu ya jiwe kando ya kijito. Kwenye kioo kidogo cha kamera lilipendeza. Nilipolikuza nilijikuta katikati ya tumbo lake, nimevutwa kwa upana, koti jekundu, na nyuma yangu anga zima limejikunja kama sahani nyeupe. Nilivua koti nikabaki na fulana nyeusi. Nikarudi nyuma hatua nyingi na kubadili lenzi ya milimita 35 kwa ya 135, hadi mwili wangu ndani ya birika ukawa kama punje ya mchele. Mwisho nikafungua mwavuli mweusi juu kidogo ya fremu kuzuia anga. Hapo ndipo birika lilipoanza kuonyesha kijito: mkanda wa kijani juu, maji katikati, kokoto zimepanga mstari karibu na kitako. Kijito kilikuwamo muda wote, anga tu ndilo lililokuwa limekifunika. Tangu siku hiyo sipambani na mwakisiko wa kitu chenye tumbo la mviringo. Kitaona karibu dunia yote inayokizunguka, na kazi yangu ni kukichagulia cha kuona.

Vipi kuhusu filta ya polaraiza, kile kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao? Inafaa, ila si kwa kila uso. Mwaka 1815 mwanafizikia wa Uskoti David Brewster alieleza kwamba kuna pembe ambayo mwanga unaoakisiwa na maji au kioo huwa umepolaraizika kabisa, yaani mawimbi yake yanatikisika kwa mwelekeo mmoja tu: takriban digrii 53 kwa maji na 56 kwa kioo cha kawaida, ukipima kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso huo. Karibu na pembe hizo filta huufuta mng'ao vizuri, kwenye maji, dirisha, ubao uliopakwa vanishi, rangi ya mafuta, hata majani yaliyolowa. Chuma kitupu hakifuati mwenendo huo. Mng'ao wake haupolaraiziki kwa namna ambayo filta inaweza kuuzima, kwa hiyo filta isingenisaidia na birika langu. Chuma kilichopakwa rangi ni habari nyingine, kwa maana kinachoakisi pale ni ile rangi ya juu.

Filta pia hula mwanga, kati ya stopu moja na mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga uliokuwapo), hivyo kasi ya shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, itashuka. Na ukiizungusha hadi mwisho, maji yaliyo chini ya mashua yanageuka shimo, na mashua inakosa pa kuelea. Izungushe mpaka mng'ao upotee, kisha irudishe kidogo. Ukiwa na lenzi pana, tazama anga: mkanda ulio digrii 90 kutoka kwenye jua utakuwa mweusi kuliko kwingine, na hiyo ni kasoro ngumu kuirekebisha baadaye.

Chupa ya kioo ina utaratibu wake. Ukiimulika kwa mbele unapata madoa na uchafu. Isogeze hadi mwanga upite ndani yake ukija kwako, mbele ya maji yanayong'aa au ukungu wa asubuhi, na kingo zake zitajichora zenyewe kwa weusi.

Kitu kimepinda, kimevimba au kinaanguka

Jiwe likivutwa kidogo na lenzi, hakuna anayejua. Gurudumu likivutwa kila mtu anajua, kwa kuwa vitu vya mkono wa binadamu tunavikariri: duara ni duara, mlingoti umenyooka. Ndiyo maana lenzi ileile iliyokupa mandhari mazuri inakuharibia geti.

Kama sehemu ya mbele ya kitu imevimba na ya nyuma imesinyaa, ulisimama karibu mno. Uwiano kati ya cha mbele na cha nyuma unaamuliwa na umbali wako, lenzi inakata tu kipande cha kuonyesha. Rudi nyuma, kisha tumia zumu au lenzi ndefu kukijaza kitu kwenye fremu. Kama kitu kimevutwa kwa upande, kilikuwa ukingoni mwa lenzi pana, kilete ndani zaidi. Na kama mistari ya wima inakaribiana kuelekea juu, uliinamisha kamera nyuma ili kuingiza kilele. Iweke kamera wima, rudi nyuma, utakata ziada ya ardhi baadaye.

Ugumu unakuja pale kitu chenyewe kimeinama. Mashua iliyokwama kwenye mteremko, nguzo ya uzio iliyochoka. Unanyoosha nini? Palipo na maji, nyoosha maji, hata kama mashua itaonekana inaanguka, maana ni kweli imeinama na mteremko ule ni sehemu ya habari yake. Pasipo na maji wala upeo, usiifuate ardhi, kwa sababu mteremko unadanganya. Tumia kipima usawa kilichomo kwenye kamera. Nimeona watu wakinyoosha nguzo wakati wa kuhariri, na mlima wote nyuma yake ukaegemea upande mmoja.

Kitu kimepotea kwenye mandhari

Uliposimama pale ulikiona mara moja, kwa sababu una macho mawili yanayopima umbali na akili iliyoamua kukitazama. Picha haina vyote viwili. Kinachobaki kukitenga kitu ni weupe na weusi, rangi, ukali na ukingo wake.

Jaribu kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Kitu kikitoweka, tatizo liko kwenye mwanga, na rangi haitakuokoa: ndoo ya kijani kibichi na majani yaliyo nyuma yake yamekuwa kijivu kimoja. Zunguka ukitafuta mandharinyuma yenye giza zaidi au mwanga zaidi. Mara nyingine hatua mbili tu zinakuweka mahali ambapo pengo la kivuli kati ya miti linaingia sawia nyuma ya kitu. Jua la pembeni husaidia kuliko la mgongoni, linachora ukingo upande mmoja. Siku ya mawingu yaliyotawanyika, subiri kivuli cha wingu kipite juu ya kilima cha nyuma wakati kitu kingali juani. Nimesubiri nusu saa kwa ajili ya kivuli cha sekunde ishirini, na ningesubiri tena.

Angalia pia mstari wa upeo. Ukipita kwenye usukani wa baiskeli au shingo ya chupa, macho hayajui wapi kitu kinaishia. Chuchumaa au panda juu ya jiwe mpaka upeo upite mahali pasipo na jambo muhimu.

Nyasi ni kali, kitu kina ukungu

Kamera iliyoachiwa ichague yenyewe hupenda kilicho karibu. Chagua nukta moja ya fokasi, iweke kwenye maandishi, parafujo au ukingo wenye tofauti ya mwanga, na si kwenye ubapa mtupu wa rangi. Upepo nao: kitu kinatulia, nyasi zinacheza, na kwa 1/60 ya sekunde zinakuwa moshi kuzunguka miguu ya kiti. Mara nyingine inapendeza. Usipoitaka, panda hadi 1/250 au zaidi na ukubali ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kubwa.

Ukipiga kitu kidogo kwa karibu, kina cha ukali, yaani eneo linaloonekana kali kutoka mbele hadi nyuma, kinakuwa kifupi sana, hata kwa f/8 (namba ya tundu la lenzi: ikikua, tundu linakuwa dogo). Usikimbilie f/22, maana kwenye tundu dogo hivyo mwanga hutawanyika na picha nzima inalainika. Kaa kati ya f/8 na f/11, na ugeuze kamera mpaka iwe sambamba na uso wa kitu unaoujali. Kuiweka sambamba kunaokoa zaidi ya kufunga tundu.

Rangi si zake

Chini ya miti, cheupe kinakuwa kijani. Mwanga umechujwa na majani na kurushwa na majani mengine, na kitu cheupe ndicho kinachokiri kwanza. Kwenye kivuli kilicho wazi kwa anga, kinakuwa cha buluu. Piga fremu moja ukiwa umeweka karatasi ya kijivu karibu na kitu, utaitumia kusahihisha WB (mizani ya weupe, ile inayorudisha rangi zake halisi) baadaye. Ila usisahihishe hadi mwisho. Sufuria nyeupe msituni ikiwa nyeupe kabisa, tumesharudi kwenye ugonjwa wa kwanza: imebandikwa. Mimi huacha kijani kidogo upande wa chini, unaotazama majani.

Mawimbi ya rangi kwenye wavu au kitambaa kilichofumwa yanatokana na nyuzi kugongana na mpangilio wa pikseli. Badilisha umbali au pembe kidogo, yataondoka. Picha yote ikiwa na utando, tazama lenzi: imetoka kwenye ubaridi ikaingia penye unyevu. Iache kwenye mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la mahali. Ufukweni, futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kikavu, ili usiikwaruze.

Hakuna kasoro, lakini picha haisemi kitu

Hii hainyooshwi na kifaa. Kwa kawaida umepiga kitu, umepiga na mahali, hujapiga kinachoendelea kati ya hivyo viwili. Rudi pale kwenye mguso na utafute alama: michirizi ya kutu iliyoshuka juu ya jiwe, kuvu-mwani (vile viraka vikavu vinavyoota juu ya mawe na magome) walioota kwenye rangi iliyopasuka, mfereji ambao kamba imeuchimba kwenye gome. Kitu ukikikuta tayari mahali pale, usikisogeze, hata kwa sentimita. Ukikigeuza umefuta alama hizo, na kikiwa cha zamani huenda kinalindwa na sheria.

Mwaka mmoja nilipiga uzio mkongwe msituni, nguzo hadi nguzo, fremu baada ya fremu, na zote zilikuwa safi, zote kimya. Nilipokaribia kuondoka niliuona waya ukiingia ndani ya mti na kutokea upande wa pili. Mti ulikuwa umekua ukaumeza, gome likafunga midomo yake mahali palipoingia, na chini ya tundu hilo kuna mstari wa kutu mrefu kama kiganja. Niliweka stendi chini, nikasogea hadi sentimita 40, f/11, kamera sambamba na gome, fokasi pale waya unapozama. Jua lilikuwa upande wa kushoto, chini. Kivuli cha waya kiliingia mtini pamoja nao.